Wito Haufanyiwi Mazoezi

Neema, na ninyi wenzake mliokuja naye Jumapili mkajazana kwenye mkeka wangu, nilipokea shikamoo zenu zote, nikawapa chai, halafu nikawafukuza. Najua mliondoka mmenuna. Mlikuja na daftari langu mlilolikuta kwenye stoo ya kanisa chini ya viti vibovu, mkaniuliza kwa heshima kabisa: "Babu, huu muziki unapigwaje? Tunataka kwenda nao kwenye mashindano Singida mjini. Na huu ukurasa uliochanwa uko wapi?" Nikawaambia kichwa kinaniuma. Kichwa kilikuwa kizima. Nilipoliona lile daftari mkononi mwa Neema, nilitamani ardhi inimeze pale pale na kikombe changu cha chai.

Sasa nimetulia, nimeandika. Someni wenyewe, maana kwa mdomo sitaweza.

Ukurasa niliuchana mimi. Nitawaambia kwa nini, lakini mtanivumilia nizunguke kidogo, kwa sababu mtu aliyefundisha tarumbeta tangu kijana mpaka nywele kuwa nyeupe hawezi kuzungumza habari zake kwa mstari ulionyooka. Na mjue mapema zinaishia wapi, msije mkacheka njia nzima halafu mkanilaumu. Zinaishia kwa mke wangu, Naomi. Ninyi mnamjua kwa jina tu, lile lililoandikwa kwenye msalaba wa saruji nyuma ya kanisa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zefania. Alikuwa fundi baiskeli hapa Iguguno, kando ya barabara kuu, na ndiye alikuwa kiongozi wa tarumbeta za kanisa. Kidole cha kati cha mkono wa kulia hakuwa nacho, kililiwa na mnyororo wa baiskeli, kwa hiyo alibonyeza pistoni tatu kwa vidole viwili, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi. Alikuwa mkali, lakini si wa kupiga wala kutukana. Ukikosea anakutazama tu, halafu anasema, "Rudi shambani ukalime, bwana." Nimerudishwa shambani mara nyingi kuliko nilivyosifiwa.

Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake vipande vya ndala, spoku, mpira wa tyubu na kichupa cha mafuta ya cherehani. Hiyo ndiyo ilikuwa karakana yetu nzima. Pale pa kutolea mate pakivuja, unakata kipande cha ndala, kile cha kisigino ambacho bado ni kigumu, unakizungusha kwa wembe, unabandika, kazi imekwisha. Ninyi mnasafirisha vyombo mpaka mjini kwa jambo la dakika tano! Tarumbeta ikibonyea msiigonge na nyundo, mtaiua. Chongeni kipande cha mninga kiwe mviringo, mkipitishe ndani taratibu huku mnazungusha, mpaka bati lirudi lenyewe. Na mafuta, jamani, mafuta ni ya cherehani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nilijifunza kwa aibu.

Mwaka wangu wa pili kazini, mafuta ya cherehani yaliisha, nami nikajiona mjanja. Huku kwetu alizeti haikosekani. Nikachukua mafuta ya kupikia ya Naomi, nikapaka pistoni za vyombo vyote kumi na vinne. Zikawa zinateleza raha mustarehe. Kesho yake tukaenda Mgori kupiga harusi, tukasimama juani tangu asubuhi. Yale mafuta yakakauka yakawa gundi. Bibi harusi anashuka kwenye trekta, Mzee Zefania anainua mkono, tunapuliza. Loo! Pistoni zote zimekwama, kila mtu amebaki na sauti moja aliyoachiwa na Mungu, tunailia hiyo hiyo. Watu wakadhani ni mtindo mpya, wakacheza hivyo hivyo mpaka vumbi likatimka. Naomi alikuwa na kwaya siku hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini na kitenge chake kipya. Toka siku hiyo nikianza kujisifu mbele za watu, yeye anauliza tu kwa upole, "Baba Rehema, mafuta yapo?" Nami nakoma.

Najilazimisha kumkumbuka akicheka vile. Sura yake nyingine niliyobaki nayo haihitaji kulazimishwa, inakuja yenyewe nikiwa nakula, nikiwa kanisani, popote.

Haya, wito. Hili hamkulikuta, kwa hiyo nieleze. Siku hizi mtu akifa ujumbe unaingia kwenye kundi la simu, mnaandika "poleni sana" na kuendelea kula. Zamani simu hazijafika huku, tulikuwa na wito. Lile jiwe kubwa nyuma ya kanisa, mnalolitumia kupigia picha, ndilo lilikuwa mahali pake. Mpigaji anapanda na baritoni, ile tarumbeta nene, anapiga sauti nne zinazoshuka polepole, ya mwisho ndefu mpaka pumzi imwishie. Anageuka upande mwingine, anarudia. Anageuka tena, anarudia. Basi, anashuka. Wito ulikuwa wa msiba na wa hatari yoyote: nyumba inaungua, mtu katumbukia kisimani, mama kashindwa kujifungua. Hausemi kuna nini. Unasema acha ulichoshika, njoo.

Na watu walikuja. Wanaume walibeba majembe, kamba na kitanda cha kumbebea mgonjwa mpaka barabarani, kwa sababu hujui unaitiwa nini. Wanawake walikuja na unga na kuni. Nimeshuhudia watu ishirini wamefika kabla mpigaji hajamaliza kushuka kwenye jiwe. Mtu alikuwa tayari kuacha ugali mezani, na ng'ombe akawaacha mtoni.

Mzee Zefania alinifundisha wito kwa mdomo. Tulikaa ndani kwake, mlango umefungwa, tukauimba kwa sauti ya chini, so, mi, re, la ya chini, mpaka nikaujua. Sikuruhusiwa kuupuliza. Nikamwuliza nitajuaje kama midomo yangu inauweza. "Wito haufanyiwi mazoezi," akasema. "Siku utakayoupiga ndiyo siku utakayoupiga." Mara yangu ya kwanza kuupuliza kwenye chombo, kweli kulikuwa na maiti ndani ya nyumba.

Sasa muziki wenu. Niliupata dukani. Singida mjini kulikuwa na duka la Bwana Jayanti, Mhindi, babu yake ndiye aliyelifungua. Aliuza spoku, betri, redio, na risasi ya kulehemu ambayo ndiyo iliyonipeleka. Juu ya kaunta aliweka redio kubwa ya kaseti, na siku ile, badala ya nyimbo zao za filamu, ilikuwa inatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilisimama. Wateja wakapita, wakanunua, wakaondoka, mimi nimesimama.

"Mwalimu, risasi unachukua au hapana?"

"Bwana Jayanti, huu ni wimbo gani?"

"Si wimbo. Umesikia mtu anaimba? Hii hadithi."

"Anaisimulia nani?"

"Vyombo. Watu karibu mia, kila mtu na chombo chake. Mzungu mmoja aliandika, zamani, hata babu yangu bado kuzaliwa. Wakati ule kwao walipenda hivi: shairi, lakini maneno hakuna. Wewe unasikiliza, unaona mwenyewe."

Akanieleza hadithi yenyewe, huku akipima misumari. Mchunga mbuzi anatoka nyumbani kwake alfajiri, anapanda mlima mkubwa. Huko juu dhoruba ya theluji inamkuta. Anakufa. Kijiji chake kinamlilia. Mwisho jua linachomoza juu ya mlima ule ule, mbuzi wanashuka wenyewe. Basi. Hayo yote bila neno hata moja! Nilipoondoka alinipa kaseti. "Chukua. Mimi nitapata nyingine. Lakini siku moja nitakuja kusikia Iguguno wamefanyaje." Jina la yule Mzungu lilikuwa kwenye karatasi ya kaseti, na karatasi ililiwa na mchwa. Sisi tuliuita Mchunga Mbuzi.

Nilikuwa na wapigaji kumi na wanne, wakulima wote, hakuna hata mmoja anayesoma nota za mistari. Sisi tulisoma do, re, mi. Kwa hiyo nikaanza kuuhamisha muziki wa watu mia kwenye kaseti uingie kwenye daftari la watu kumi na wanne. Nilisikiliza kipande cha kupumua mara moja, nazima, naandika, narudisha mkanda nyuma kwa kalamu ili kubana betri. Betri zikiishiwa naziweka juani juu ya bati, zinafufuka kidogo. Zikifa kabisa, Naomi anauza mayai. Mayai yalikuwa yake na betri zilikuwa zangu, na hakuwahi kunisimanga. Jioni nikimsomea nilichoandika, anaimba ile ya juu na mimi ya chini, huku anachambua mlenda.

Kazi ile ilinichukua misimu mitatu ya kilimo. Ugumu ni huu: kwenye nyimbo zetu do ni nyumbani. Wimbo unatoka nyumbani, unatembea, unarudi. Huyu Mzungu anatoka nyumbani, kufika njiani anahamisha nyumba, ukishaizoea anaihamisha tena. Nimefuta mpaka karatasi zikatoboka. Nilipompelekea Mzee Zefania kurasa za kwanza alizisoma kwa vidole vyake viwili vikibonyeza hewani, halafu akauliza, "Kwani huyu mtu kwao ni wapi?"

Lakini alipenda. Nasema kweli, alipenda. Kwenye dhoruba alirudi nyuma akaisoma upya. Theluji hatuijui, tulikubaliana wapigaji wafikirie ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaopasua midomo. Kisha akafika ukurasa wa ishirini na tatu, pale kijiji kinapomlilia mchunga mbuzi. Akaimba kwa mdomo sehemu ya baritoni. Akasimama. Akaimba tena.

"Huu ni wito," akasema.

"Si wito, Mzee. Wito unaanza na so, huu unaanza na fa. Halafu juu yake kuna sauti nyingine kumi. Hautasikika."

"Mimi nimeusikia. Paruke hapo."

"Nikiparuka hadithi itakufa."

"Basi ife hadithi."

Hakusema rudi shambani. Alinirudishia daftari, akaendelea kuziba pancha. Vijana wangu, nimekuwa nikiyarudia maneno yale matatu kichwani kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu. Basi ife hadithi. Kwani ningepungukiwa nini? Ulikuwa ukurasa mmoja. Watu wa Iguguno wangejuaje kwamba kuna kitu kimerukwa? Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujiona mtu mkubwa. Nilikuwa nawaza Bwana Jayanti anakuja na jamaa zake, maaskofu wamekaa mbele, na ule ukurasa ndio uliokuwa mzuri kuliko zote. Niliupenda. Nausema uovu wangu kama ulivyo: niliupenda zaidi kwa sababu ulifanana na wito.

Tulifanyia mazoezi nje, upande wa jiwe, kwa sababu upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya ukumbi. Na hapa kuna jambo la ufundi ambalo mimi, mwalimu, nililijua na sikulifikiria. Sauti nyembamba za tarumbeta haziendi mbali, upepo unazila. Sauti nene ya baritoni inafika. Mtu aliyesimama karibu yetu alisikia muziki wa watu kumi na wanne. Mtu aliyekuwa shambani alisikia baritoni peke yake.

Hatujamaliza ukurasa, nikamwona Mama Elisha, jirani yetu, anakuja mbio kutoka nyumbani kwake na unga kichwani, kanga imefungwa kiunoni, tayari analia. "Mwalimu, ni nani? Jamani, ni nani?" Nyuma yake mume wake, Yona, na kamba. Nyuma yao kijiji kizima. Na katikati yao Mzee Zefania, umri ule, anakimbia na sepetu begani. Alipotuona tumeshika madaftari, akasimama. Akaweka sepetu chini. Alimwendea mpigaji wa baritoni, akachukua chombo kile, ambacho kilikuwa cha kwake mwenyewe, akakifuta mate kwa shati, akaondoka nacho nyumbani.

Watu walinikasirikia siku mbili tatu, kisha wakacheka. Mama Elisha alinidai unga wake uliomwagika, nikamlipa kwa kumlimia matuta ya viazi, yamekwisha. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaazima baritoni nyingine kwa wenzetu wa Nduguti, na Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya usharika mzima. Nikasema, "Wapendwa, mazoezi yetu ni kila Alhamisi. Mkisikia sauti kama wito siku ya Alhamisi, msiache kazi zenu. Ni mazoezi tu." Watu wakaitikia vizuri. Wengine wakapiga makofi.

Ikawa hivyo. Alhamisi mbili za kwanza niliona vichwa vinainuka mashambani. Ya tatu havikuinuka. Wachunga ng'ombe wakaanza kuupiga mluzi ule ukurasa. Mzee Zefania alipofariki, msimu uliofuata, wito wake niliupiga mimi. Ilikuwa Jumanne. Walikuja watu mpaka njia zikajaa, na mimi juu ya jiwe, badala ya kumlilia mwalimu wangu, nikawa ninamwambia moyoni: unaona, Mzee, hakuna kilichoharibika. Huo ndio upumbavu niliokuwa nao.

Sasa nafika.

Ilikuwa wakati wa palizi, kila mtu yuko shambani, saa tano asubuhi. Rehema wetu alikuwa shule ya bweni. Sisi tulikaa ile nyumba ya mtumishi, pale pale kanisani, na mashamba ya watu yako mbali, la Yona ndilo la karibu na ni mwendo wa zaidi ya nusu saa. Mimi nilikuwa ninabandika ndala kwenye tarumbeta. Naomi alikwenda kwenye banda la kuku na kikapu. Alikuwa anakusanya mayai ya betri. Nilisikia amesema "Yesu!" mara moja, si kwa kelele. Akaja anatembea, ameshika mkono wake, kikapu bado kiko kwenye kiwiko.

"Baba Rehema, ni koboko. Alikuwa amelala kwenye kiota."

Nilimfunga kitambaa juu ya pale nyoka alipomgonga, kama tulivyokuwa tukifanya wakati ule. Nikamwambia nakimbia kwa Yona. Akasema, "Utafika saa ngapi? Panda upige wito. Watakuja na kitanda, wanifikishe barabarani." Akakaa kizingitini, akaegemea mwimo wa mlango. Alikuwa na hakika. Hata mimi nilikuwa na hakika.

Nikapanda jiwe. Nikapiga, upande huu, upande ule, upande ule. Sijawahi kupuliza vile maishani mwangu. Kila sauti ilitoka safi, kama nilivyowaza siku zote kwamba baritoni inapaswa kutoka. Nikashuka, nikampa maji. Nikapanda tena. Nikapiga mara ya pili, ya tatu. Kutoka juu ya lile jiwe unaziona njia zote za kijiji. Zilikuwa tupu. Nilimwona mtu mmoja kwenye shamba la alizeti la mbali, ameinama. Nilimpigia yeye, nikamgeukia yeye kabisa. Hakuinuka.

Kila nikishuka, anauliza, "Wamefika?" Nami nasema, "Wanakuja." Mara ya nne ulimi wake ulikuwa mzito na kope zinamwangukia. Nikamwambia tena wanakuja, nimewaona. Nilimdanganya mke wangu. Akaniangalia, akajitahidi kuinua kope, akasema polepole, neno moja moja:

"Baba Rehema. Leo ni Alhamisi."

Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba sikuiweka baritoni chini, ilikuwa inanigonga mapajani na sikujua kwamba ningeweza kuitupa. Nilipotokea kwenye shamba la Yona, Mama Elisha akaunyoosha mgongo, akaegemea jembe lake. Akaona chombo mkononi mwangu. Akatabasamu, mama wa watu, akapaza sauti:

"Mwalimu! Leo mmeanza mapema. Lakini leo mmepiga vizuri kweli, tumewasikia mpaka huku. Hata Yona kasema, leo wamepatia."

Alipoiona sura yangu alitupa jembe.

Tulirudi na Yona na kitanda. Tulimkuta ameegemea pale pale. Yona alimwita kwa jina lake, "Naomi, Naomi," kisha akavua kofia. Kikapu kilikuwa pembeni yake, amekiweka vizuri ukutani ili kuku wasikipindue. Mayai yalikuwa tisa, mazima.

Na hapo ikabidi mtu apige wito wa msiba. Hakuna aliyetaka kuupanda ule mwamba. Yona na Mama Elisha walikwenda kuita watu kwa miguu, mlango kwa mlango, shamba kwa shamba, na jua lilizama hawajamaliza.

Mchungaji aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Wengine wakaniambia koboko hana dawa, hata ungemfikisha barabarani, hata ungepata gari, angefia njiani. Labda. Mimi sitajua kamwe, na hilo ndilo linalonila. Lakini msimsingizie Mungu. Mungu hakusimama wakati wa matangazo. Nilisimama mimi. Mama Elisha, mpaka anaingia kaburini, kila akiniona alikuwa anaanza kulia na kuomba radhi, mimi namwambia, "Dada, ulifanya nilivyokuambia," naye analia zaidi. Niliendelea kufundisha, kwa sababu sikujua kazi nyingine. Nilikwenda Nduguti, nikaenda Mgori, nikafundisha vijana wengi, nikabandika ndala nyingi. Midomo yangu mwenyewe haikugusa chombo tena. Mlidhani ni meno.

Wito nao ulikufa. Baada ya siku ile ulipigwa mara mbili, na mara zote watu walisimama mashambani wakaulizana kwanza. Wito ukishaulizwa si wito. Simu zilipokuja zilikuta kaburi tu.

Kwa hiyo daftari mliloliacha liko hapa kwangu, Neema, nimelifunga kwenye gazeti, mpitie mlichukue. Makosa ya do kwenye dhoruba nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Pigeni Mchunga Mbuzi huko mjini, ndani ya ukumbi, na madirisha mfunge. Mtapanda naye mlima, mtakufa naye kwenye theluji, kisha mtaruka ukurasa wa ishirini na tatu, huo niliouchana, kama alivyoniambia Mzee Zefania, muende moja kwa moja kwenye jua kuchomoza. Sehemu hiyo imeandikwa yote. Naomi aliiimba ile ya juu. Kwenye vyombo hakuna aliyewahi kuipiga, hatukufika huko. Bwana Jayanti naye alihama na duka lake, hakuja kusikia.

Msinialike. Sitaki kusikia.

Nawaomba jambo moja, na hili si la muziki. Siku nitakayokufa mimi, msiandike kwenye kundi, na msinipigie chochote. Gawaneni njia. Nendeni kwa miguu, mlango kwa mlango. Bisheni hodi, mseme jina langu, na msiondoke pale mlangoni mpaka mwenye nyumba atoke nje na mmwone kwa macho kwamba anakuja.